Uchumi unakua kila mwaka, korosho zetu zinaondoka ghafi. Tatizo liko wapi hasa?

Kijana wa Tandahimba aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza diploma ya uhasibu, kwa sasa niko nyumbani Tandahimba nawasaidia wazee shambani. Msimu huu nimekaa na makarani wa AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) wakati wa kupokea korosho. Nimeona mzani, nimeona magunia yanavyoshonwa, nimeona malori yanavyopakia usiku kucha kwenda ghala kuu, na baada ya mnada mzigo huo huo unaelekea bandarini Mtwara.

Kila bajeti ikisomwa tunaambiwa uchumi umekua kwa asilimia tano na ushee. Siwatuhumu kwamba wanadanganya. Barabara naiona, umeme umefika mpaka kitongojini kwetu, zahanati ipo. Lakini vijana niliosoma nao wengi wako kwenye bodaboda, na dada zao wanasubiri msimu waokote korosho za watu kwa kibarua.

Wilaya hii peke yake ina korosho za kulisha viwanda kadhaa. Zao linauzwa kwa dola. Kwa nini basi linaondoka na maganda yake? Serikali imelala? Wawekezaji hawaipendi kusini? Au kuna hesabu ambayo mimi siioni? Naomba anijibu mtu anayeijua kazi hii kwa ndani. Siasa tumeshazisikia za kutosha.

---

Mchambuzi wa Dodoma:

Mdogo wangu, kabla wenye korosho hawajafika nikupe kipande cha takwimu.

Mwaka 2024 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 5.5. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na kati ya sensa ile na ya 2012 tulikuwa tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Toa moja kwenye nyingine: kinachobaki kwa kila kichwa ni asilimia 2 na kitu. Kwa mwendo wa 5.5 pato zima la nchi linajidabo ndani ya miaka 13. Kwa mwendo wa 2.3 pato la mtu mmoja linahitaji miaka 30. Ndiyo maana mzazi anaweza kusikia habari njema maisha yake yote na asiione tofauti kubwa jikoni kwake.

Umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 26.4 mwaka 2018. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini asilimia hiyo 26.4 bado ilikuwa watu kama milioni 14.

Jambo jingine ni mahali ukuaji unapotokea. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, reli ya kisasa, migodi ya dhahabu, benki, simu: vyote vinapandisha pato, ila haviajiri watu wengi kwa kila bilioni inayoingia. Kilimo kinatoa zaidi kidogo ya robo ya Pato la Taifa ilhali ndicho kinachoshika zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Ukiona hivyo, jua mkulima anazalisha thamani ndogo kwa siku yake ya kazi. Korosho ghafi ni mfano mzuri, lakini hapo nawaachia wenyewe.

---

Mpanga Madaraja:

Mwanangu wa Tandahimba, hodi humu.

Mimi nimefanya kazi kiwanda cha kubangua korosho Mtwara mjini tangu ujana wangu. Nilianzia kubangua, nikahamia kumenya, mwisho nikawa msimamizi wa meza ya madaraja, yaani pale korosho zinapopangwa kwa ubora. Kiwanda chenyewe sikitaji. Leo niko Newala na mikorosho yangu na kikundi cha akina mama wenzangu tunaobangua. Nitakueleza ninayoyajua.

Kwanza ondoa wazo kwamba kusini hatujawahi kujengewa viwanda. Tulijengewa. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vilijengwa viwanda vikubwa 12 kwa fedha za mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata kama tani 145,000, na waliopanga waliamini zitazidi. Zikaporomoka, mpaka kufika 1986/87 hazikuzidi tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali, pori likaimeza. Bei ya mkulima ikawa haitoshi hata kulipia palizi. Kisha ubwiriunga ukaingia, ule unga mweupe unaokausha maua. Kwa hiyo viwanda vikakamilika wakati korosho hakuna. Baadaye vikabinafsishwa, na vingi vikageuzwa maghala. Kiwanda kilichojengwa kubangua, ndani yake mmepangwa magunia ya korosho ghafi zinazosubiri meli! Hilo linaniuma mpaka leo, na sioni aibu kulisema.

Siku hizi uzalishaji umerudi na kupita. Msimu wa 2017/18 tulifika tani 313,000 hivi, na 2024/25 tumevuka 400,000. Kwa hiyo kisingizio cha mali ghafi hakipo tena. Kilichobaki ni fedha na muda, na hapo ndipo penye hesabu unayoitafuta.

Angalia kazi yenyewe. Korosho ikitoka ghalani inapangwa kwa ukubwa, inapikwa kwa mvuke ili ganda lilegee, inapoozwa. Kisha inakwenda kwa mbanguaji. Anakaa kwenye mashine, mguu unasukuma, mkono unaelekeza, ganda linapasuka, kiini kinatoka na ngozi yake. Lile ganda lina mafuta makali yanayounguza, ndiyo maana unaona wabanguaji wa zamani vidole vimebabuka. Tulikuwa tunapaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza. Kiini kinaingia tanurini kikaushwe, halafu kinamenywa ile ngozi nyekundu bila kukivunja. Ndipo kinafika mezani kwangu.

Mezani tunatenga nzima, nusu na vipande. Nzima nyeupe tunazipa namba: 180, 240, 320. Namba ni idadi ya korosho kwenye ratili moja (karibu nusu kilo), kwa hiyo namba ndogo ndiyo korosho kubwa na bei kubwa. Sasa elewa hili: nzima na kipande ni mti mmoja, shamba moja, ladha moja, lakini kipande kinauzwa bei ya chini mno. Mbanguaji mgeni anavunja. Tanuri likizidi moto, zinavunjika. Likipungua, ngozi haitoki, mmenyaji anatumia kisu, zinavunjika. Faida yote ya kiwanda ilikuwa kwenye mikono ya wanawake wale, na walilipwa kwa kilo. Ninaposikia mtu anasema kubangua ni kazi isiyohitaji ujuzi, natamani akae mezani pale asubuhi moja tu.

Sasa fedha. Kilo mia za korosho ghafi zinatoa kama kilo 23 za korosho karanga, yaani viini vilivyokwisha kubanguliwa na kumenywa. Maana yake kilo moja ya karanga inakula kama kilo 4.3 za ghafi. Tuchukue bei ya mnada shilingi 3,500. Kabla hujawasha moto, kabla hujamlipa mtu, kilo yako ya karanga imeshakugharimu shilingi 15,000.

Kiwanda cha wastani kinachotaka kubangua tani 2,000 kwa mwaka kinahitaji shilingi bilioni 7 za mali ghafi tu. Na hazihitajiki kidogo kidogo. Minada yetu inaanza Oktoba na nguvu yake inaisha kwenye Januari. Ukikosa kununua ndani ya miezi ile, umekosa mwaka mzima. Kwa hiyo unakopa bilioni 7 karibu kwa mkupuo, unaweka mali ghalani, unaipunguza mwezi hadi mwezi. Kwa riba ya asilimia 15, na kwa kuwa mzigo unapungua ukachukua wastani wa nusu, unalipa kama milioni 525 kwa mwaka. Gawanya kwa kilo 460,000 za karanga utakazopata: zaidi ya shilingi 1,100 kwenye kila kilo ni riba peke yake.

Mwenzako wa Vietnam au India ananunua korosho zetu Oktoba mpaka Januari. Zikianza kwisha, Afrika Magharibi wanavuna kuanzia Februari hadi Juni, ananunua huko. Ghala lake halihitaji kubeba mwaka mzima. Tuseme na yeye anakopa kwa asilimia 6: hata angebeba mwaka mzima kama wewe, riba ingekuwa shilingi 450 hivi kwa kilo. Anapokuja mnadani Newala anaweza kumpandia mwenye kiwanda cha Mtwara kwenye bei ya ghafi na bado akafika sokoni akiwa na bei ya chini. Hajatuibia. Ametushinda kwa mtaji wa bei nafuu na kwa mashine zisizolala.

Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kinaanza kulegea kila mwaka kwenye Mei au Juni. Ghafi zimekwisha, fedha za kuagiza hazipo. Wabanguaji wanaambiwa wakapumzike. Msimu ukirudi nusu yao wameshapata shughuli nyingine, unaanza kufundisha wageni, na wageni wanavunja. Mwaka wa vipande vingi, hasara. Mwaka unaofuata benki inauliza maswali. Mwisho geti likafungwa, na mishahara ya miezi ya mwisho wengine hatukulipwa.

Ndiyo maana nasema kwa uhakika: tusipopata fedha ya kununulia mali kwa riba ya kubebeka, hata mtujengee viwanda hamsini vitageuka maghala kama vile 12.

---

Karani wa Ghala, Masasi:

Shikamoo mama. Umemaliza, naongeza jambo moja.

Stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa mkulima kuweka mzigo ghalani, kupewa stakabadhi na mzigo kuuzwa mnadani, ilianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, na imemsaidia sana mkulima dhidi ya kangomba, wale wanaopita vijijini njaa ikiwa kali na kununua kwa kibaba kabla ya msimu. Lakini utaratibu wenyewe unamtaka mnunuzi alipe fedha yote ndani ya siku chache baada ya mnada ndipo apewe mzigo. Kwa mkulima ni sawa kabisa, alipwe. Kwa mwenye kiwanda maana yake ni kwamba hakuna kununua kwa awamu. Hata ukimpa nafasi ya kwanza mbele ya wageni, bila fedha mkononi haimsaidii kitu.

Dawa ninayoiona ni stakabadhi ile ile. Mwenye kiwanda aweke korosho alizonunua kwenye ghala lililosajiliwa, benki ishike stakabadhi kama dhamana, iachie mzigo kidogo kidogo kadiri anavyolipa. Korosho kavu, iliyopimwa unyevu vizuri, inakaa mwaka bila kuharibika. Ni dhamana nzuri kuliko nyumba ya kijijini. Nimeona mabenki yanaogopa kwa sababu hayana mtu anayejua kupima ubora. Kinachohitajika ni kuchukua sampuli, kupasua korosho, kupima viini vizuri, na kusema gunia la kilo 80 lina ratili ngapi za viini. Ghalani kwetu hilo tunalifanya kila siku ya msimu.

---

Mwanamke wa Lindi:

Hakuna aliyetaja mabibo, matunda ya mkorosho. Mnajadili korosho tu, na tunda lenyewe lina uzito mara nyingi zaidi ya korosho yake. Likidondoka leo, kesho limechacha. Huku kwetu tunapata juisi ya siku mbili, wengine wanakausha kidogo kwa chakula, wengine wanapika gongo na kukimbizana na polisi, mengine yote yanaoza chini ya mti. Mwenye kuweza kuyakausha au kuyasindika kule kule shambani atapata mali ghafi karibu ya bure na hatashindana na mtu wa Vietnam. Kwangu hapo ndipo pa kuanzia kwa kijana mwenye mtaji mdogo.

---

Kijana wa Tandahimba:

Shikamoo mama Mpanga Madaraja, na asanteni nyote. Hesabu ya riba sikuwahi kuifikiria kabisa, na nimesomea uhasibu.

Naomba niulize tena. Kwa nini serikali isipige marufuku tu kusafirisha ghafi? Wageni wanaozitaka waje wajenge hapa. Na pili, mtu kama mimi naweza kufanya nini kwenye jambo hili?

---

Mpanga Madaraja:

Marahaba mwanangu.

Marufuku ya ghafla naiogopa, na sababu yangu ni mwaka 2018. Msimu wa nyuma yake bei ilifika 4,000 na watu wakajenga nyumba za bati. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inunue yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kubeba mzigo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na bei yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini malipo yalikwenda na uhakiki wa mashamba, watu wakangoja miezi, na nchi ikabaki na korosho nyingi kuliko uwezo wa kuzibangua. Huku Newala niliona wazazi wakihangaika na ada Januari ilhali korosho zao zimeshachukuliwa. Ukifunga mlango wa ghafi leo wakati viwanda haviwezi kumeza tani laki nne, anayebaki na mzigo ni mkulima. Hatatumia tena salfa ya kuzuia ubwiriunga, hatapalilia, na ndani ya misimu michache tutarudi kule kule kwa miaka ya 1980.

Ushuru wa kusafirisha ghafi ni njia ya polepole zaidi, na upo: asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Mimi ningetaka sehemu kubwa ya fedha ile irudi kwenye zao. Zamani sehemu kubwa ilirudi, mwaka 2018 sheria ikabadilishwa yote ikaenda mfuko mkuu wa serikali, baadaye sehemu yake ikaanza kurudi tena. Nchi ina mahitaji mengi, naelewa. Lakini fedha hiyo ingetosha kuanzisha mfuko wa kukopesha viwanda mali ghafi kwa riba ndogo, na hilo lingefanya kazi kubwa kuliko mikutano yote ya uwekezaji niliyowahi kuhudhuria. Kongani ya viwanda, yaani eneo la viwanda vingi pamoja, inayojengwa Maranje mkoani Mtwara naiombea mema. Swali langu kwao ni lile lile: Juni na Julai mashine zitakula nini?

Na usitegemee kiwanda kipya kitaajiri kama vya zamani. Mashine za sasa zinabangua zenyewe, watu wanabaki kwenye kumenya na madaraja. Kazi zitakuwepo, nyingine kwa mafundi, madereva, wapima ubora, wahasibu. Lakini yule wa kuahidi maelfu kwa maelfu kwa kiwanda kimoja usimwamini.

Kuhusu wewe. Dada wa Lindi amekupa wazo zuri la mabibo, lishike. La kwangu ni hili. Vikundi vya kubangua kama chetu viko vingi, mashine za mkono tunazo, mikono inajua kazi. Tunakwama benki kwa sababu hatuna vitabu. Akija ofisa wa mikopo anauliza mwaka jana mlibangua kilo ngapi, mlipata nzima asilimia ngapi, kila mtu anaanza kukumbuka kwa kichwa. Tafuta kikundi kimoja hapo Tandahimba, uwafungulie daftari la ghala: kilo za ghafi zilizoingia na bei yake, kilo za karanga zilizotoka kwa kila daraja, vipande, maganda, kuni, malipo ya kila mbanguaji kwa kilo. Fanya hivyo msimu mzima bila kuruka siku. Utajua kila kilo ya karanga inawagharimu shilingi ngapi, na hilo ndilo jambo la kwanza benki watakalouliza. Ukishapata msimu mmoja wa maandishi, nenda nao kwa Karani wa Masasi hapo juu akuelekeze namna ya kuandika ombi la mkopo kwa dhamana ya stakabadhi. Ukikwama kwenye kupanga madaraja, niandikie hapa hapa. Sampuli ya ratili moja inatosha kukufundishia.